Joto la Mama Kope

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefungiwa sabuni, pole. Nakukumbusha kwa ufupi.

Mimi ndiye yule kijana aliyekuwa akipiga picha za vitambulisho mpaka studio ikafungwa, nikabaki na kamera, madeni na mke. Nikahamia uani kwa mama mkwe. Wanaume wengine huoa. Mimi niliolewa. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nikapewa jembe langu: kugeuza mayai.

Mama mkwe anatotolesha vifaranga kwa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kabati la nguo, marehemu baba mkwe akalitia taa, feni, sinia za maji na swichi ya joto. Mji mzima unamwita Mama Kope, kwa sababu joto halipimi kwa kipimajoto. Anachukua yai, anafumba jicho, analibana kwenye kope. Likiwa na uvuguvugu wa kope, sawa. Likiwa la baridi, anapandisha joto. Likichoma, anashusha. Kipimajoto kimo mle ndani, lakini amekiziba kwa plasta tangu enzi.

"Hicho hakijawahi kuangua hata kifaranga mmoja," husema.

Miaka kumi na tisa kope lile halikukosea. Mwaka huu likakosea mara mbili. Mayai ya Bwana Jogoo, mfugaji mkubwa kuliko wote hapa kwetu, yalifia ndani ya maganda, awamu ya kwanza na ya pili. Bwana Jogoo akafoka mpaka mate yakamfika kidevuni. Mama naye akaapa mbele ya watu: "Awamu ya tatu ikifa, njoo na gari uichukue mashine. Kama kope langu limekufa, mimi na kabati hili hatuna tena la kuzungumza."

Wiki iliyopita tuliachana nikiwa chumba cha mashine, adhuhuri, mkono wangu uko kwenye swichi ya joto kwa siri, na mlango unafunguka nyuma yangu.

Aliyefungua alikuwa mke wangu.

"Picha! Unafanya nini humo?"

Ananiita Picha tangu tukiwa wachumba. Yeye ni msusi, na wasusi wana macho ya nyuma.

"Naangalia."

"Unaangalia kwa vidole?"

Nikaona hapa hakuna pa kutokea. Mlango ameuziba yeye, dirisha limezibwa na mapipa ya chakula cha kuku. Nikasema ukweli.

"Mama yako anapandisha joto mno. Nikimwona amepandisha, namngoja atoke, naingia nashusha. Nayaokoa mayai."

"Tangu lini?"

"Tangu awamu ya pili."

Akaketi kwenye gunia la pumba. Akafikiri kimya, na mke wangu akifikiri kimya mimi hutafuta viatu.

"Akishapandisha, wewe unaingia baada ya muda gani?"

"Nusu saa. Akienda kuoga. Siku hizi anaoga kama bata."

"Na kabla hajaenda kuoga, hapiti tena kwenye mashine?"

Nikakumbuka. Hupita. Hupita akiwa amejifunika shuka, anatetemeka, meno yanagongana, na hapo huzungusha tena swichi. Sikuwahi kujiuliza anaizungusha kwenda wapi.

"Anashusha mwenyewe," mke wangu akasema. "Nimemwona. Akiwa na moto anapandisha, akiwa na baridi anashusha. Kwa hiyo wewe, mwokozi wa mayai, ukiingia unakuta ameshashusha, na wewe unashusha tena."

Nikaficha vidole mgongoni.

"Awamu ya kwanza alipika yeye. Ya pili mmeipika na kuigandisha pamoja, mkwe na mkwewe. Hongera."

Ndugu msomaji, hilo ndilo ungamo langu la kwanza leo. Kuna mayai mia sita ya Bwana Jogoo ambayo nusu ya vifo vyake ni vyangu, na kwenye mazishi nilisimama mstari wa mbele nikitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie mimi? Juzi nilimuuliza tu, 'Mama, mbona unatoka jasho asubuhi yote hii,' akanirushia trei. Ina matundu thelathini ile, Picha, na yote yalinipata. Mwambie wewe."

"Mimi? Mkwe? Nimwambie mama mkwe habari za mwili wake? Si bora nimwambie simba kuwa ananuka mdomo?"

"Basi nenda zahanati ukaulize ni nini. Leo mayai yana siku ya kumi na moja. Siku kumi zimebaki. Na swichi hiyo usiiguse tena, nitakukata kidole nikisukie nywele."

Nikaenda kesho yake.

Kwenye benchi la zahanati walikaa wanawake kumi na wawili na ndevu zangu. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Kati yake na benchi palikuwa na pazia, na pazia ni kitu kinachozuia macho tu.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mkeo yuko wapi?"

"Amebaki. Mgonjwa ni mimi."

Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Siri ya mama mkwe nisiitoe. Dalili nizibebe mwenyewe, dawa nimpelekee yeye.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Joto, sista. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni. Natota kama nimemwagiwa ndoo. Dakika chache tu, kisha nasikia baridi natafuta sweta."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Sita. Saba siku mbaya."

"Unalala?"

"Usingizi umenikimbia. Alfajiri natandika shuka kwenye sakafu ya bafuni, najilaza pale."

"Hasira?"

"Juzi nimemtukana jogoo wa jirani. Nimemtajia na mama yake."

"Unasahau?"

"Funguo nilizikuta kwenye friji, sista. Na siagi nikaikuta mlangoni."

Aliandika yote bila kutabasamu. Akavaa miwani.

"Umri?"

"Arobaini na tisa," nikasema, maana nilikuwa nimeshika dalili za mtu na umri wake ukaja wenyewe. Nina ishirini na sita, na sura ya ishirini na mbili.

"Na hedhi yako ya mwisho uliiona lini?"

Nyuma ya pazia benchi zima likanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, akitaka kusikia.

"Hiyo, sista... sikuiweka akilini."

"Sawa. Inakuja kila mwezi au inarukaruka?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Inaruka," nikasema.

Pazia lilicheka. Lilicheka mpaka pete zake zikagongana. Muuguzi akavua miwani, akaifuta, na nikaona mabega yake yanatikisika.

"Ni mama yako?"

"Mama mkwe."

"Uwii! Na umejitolea kuibeba mpaka hedhi yake? Binti yake amepata mume. Kaa vizuri nikueleze, nanyi huko nje sikilizeni pia, maana zamu zenu ziko njiani."

Akaeleza kwa sauti ya kufundishia darasa.

"Mwanamke akikaribia ukomo wa hedhi, homoni haziondoki kwa adabu kama mgeni anayeaga. Leo zimepanda, kesho zimeshuka, keshokutwa zimerudi kuchukua mwavuli ziliousahau. Mwili nao unachanganyikiwa, haujui tena lini una moto na lini una baridi. Ndiyo maana anaungua wakati wewe umevaa sweta. Usingizi unakatika, na mtu asiyelala husahau na hukasirika, hata angekuwa malaika. Inaweza kuchukua miaka kadhaa. Si uchawi, si wazimu, wala si uzee wa kutupwa jalalani. Zipo dawa na upo ushauri, lakini lazima nimwone yeye. Siwezi kuzipa dawa ndevu zako."

"Nimekuelewa, sista."

"Na damu je?"

"Damu gani?"

"Wapo ambao hedhi hupungua polepole mpaka ikaisha. Wapo ambao huja kwa mafuriko. Ikiwa nyingi mno, au ya siku nyingi mno, asisubiri. Huenda ni homoni, huenda ni jambo jingine kwenye kizazi, na haijulikani kwa kupiga ramli, inajulikana kwa kupimwa. Damu ikiisha mwilini mtu huanguka. Umesikia? Asisubiri. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nikasema nimesikia. Naomba neno hilo ulikumbuke, ndugu msomaji, kwa sababu mimi nililisahau kwa makusudi.

Kabla sijatoka akanipa kazi. Niandike saa ambazo joto linampanda mama mkwe, kwa siku tatu nne, nimletee.

Nilipita mbele ya benchi nimeinamisha kichwa. Mama mmoja akaniambia, "Pole, mwenzetu."

Sasa, mlango wa mashine una kadi. Kila anayegeuza mayai anaandika saa na kutia sahihi, maana mayai yasipogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda. Nikaona kwa nini nipoteze karatasi nyingine? Kila nilipomwona mama mkwe anajipepea kwa trei, nikaweka nyota ndogo ya wino mwekundu pembeni ya kadi. Kila swichi ilipozungushwa, nikaweka mshale, juu au chini.

Siku tatu zikatosha. Nyota, mshale juu. Nusu saa, mshale chini. Nyota, juu. Nusu saa, chini. Mtoto wa chekechea angeisoma ile kadi.

Kumbe hata mama mkwe aliisoma.

Ilikuwa siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi. Naingia na ndoo ya maji ya sinia, namkuta amesimama na kadi mkononi.

"Nyota hizi ni za nini?"

Nikaweka ndoo chini.

"Saa tatu jana nilijipepea. Kuna nyota. Saa saba nilijipepea. Kuna nyota. Unanihesabia jasho, baba? Wewe na mke wako mnaandika kesi? Mkamwonyeshe Bwana Jogoo kuwa mzee kachoka, mashine ije kwenu?"

"Hapana, Mama."

"Basi sema!"

Mama mkwe hata usoni simwangalii, humwangalia sikioni. Nitaanzaje kumwambia hedhi? Nikageukia mashine. Nikafungua kidirisha cha kioo. Mayai mia sita, meupe na ya kahawia, yamekaa kimya, hayana hukumu.

"Mayai," nikasema.

"Unaongea na nani?"

"Naongea na mayai, Mama, niwie radhi. Enyi mayai, kuna mtu hapa nyumbani tunampenda. Joto humpanda usoni ghafla, na kope ni sehemu ya uso. Kope likiwa na moto, nyie hata mkiwa sawasawa mnaonekana wa baridi. Anawaongezea moto. Kisha jasho linamkauka, anapata baridi, kope nalo linapoa, mnaonekana mnachoma. Anawapunguzia. Kope halijafa, mayai. Kope liko sawa, ila limepakana na jirani anayechoma takataka kila saa."

Nilingoja trei. Trei haikuja.

Ikaja sauti, chini kidogo kuliko kawaida yake.

"Mayai, muulizeni huyo mtu, haya kayajuaje?"

"Mayai, mwambieni nimeambiwa na muuguzi. Ni homoni. Ni umri wa kuelekea kukoma... kukoma mambo."

"Mambo gani?"

"Mayai, msinitese, mnayajua."

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nihamie pale. Mama mkwe alicheka. Alicheka akaketi kwenye gunia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la gauni, na baada ya kidogo nikagundua kuwa macho anayafuta lakini kicheko kimeshaisha.

"Mwambieni miezi saba sijalala," akasema. "Nilidhani nimeanza kuwehuka kama shangazi yangu. Kila siku nashika yai nasema leo nitalisikia, silisikii. Mwambieni mtu akifanya kitu kimoja miaka kumi na tisa, kisha mkono ukamkana, hana pa kuuliza. Atauliza wapi? Kwa nani?"

"Mayai, mwambieni zahanati wapo watu wa kumuuliza. Nimeambiwa aende mwenyewe."

"Mwambieni nitakwenda. Na mwambieni..." akasita. "Mwambieni damu inatoka siku ya kumi na moja leo. Nyingi. Nilidhani mwili unafagia ghala kabla ya kufunga duka."

Nikaacha kuongea na mayai. Nikageuka.

"Mama, hiyo ya damu wamesema usisubiri."

"Nitakwenda siku ya ishirini na mbili. Vifaranga wakishakauka manyoya."

"Mama..."

"Baba, nikienda leo nikalazwa, nani atabaki na mashine? Nimeapa mbele za watu. Mke wako ajue kusuka, asijue hili. Ananishika kama yai siku hizi, nitapasuka. Wewe njoo hapa. Fumba jicho la kushoto."

Akanibana yai kwenye kope.

"Unasikia nini?"

"Yai."

"Mjinga. Sikiliza tena. Je, unalisikia au hulisikii?"

Nikatulia. Mwanzo lilikuwa na uvuguvugu, kisha taratibu likapotea, nikawa sijui kope langu linaishia wapi na ganda linaanzia wapi.

"Limepotea, Mama."

"Hapo ndipo. Likipotea, usiguse kitu."

Akanyanyuka, akabandua plasta ya kipimajoto. Nusu tu. "Angalia wewe. Mimi usinisomee."

Thelathini na saba na nusu, joto lenyewe hasa la kutotolesha. Nilitaka kuruka. Mimi, niliyeshindwa hata kuwaambia watu wakae wima mbele ya kamera, nina kope!

Jioni mke wangu akauliza, "Mama amesema nini?"

"Amekubali atakwenda zahanati."

"Amesema kuna tatizo lingine?"

"Hakuna."

Hilo ungamo la pili, na hili silitanii. Nilijua. Muuguzi alisema asisubiri, mara mbili, akinitazama machoni. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nioe mtu aliniamini kwa kitu, na kama Mama angelazwa mambo yote yangekatika. Nikajiambia ni wiki moja tu. Nikanunua ukimya kwa wiki moja.

Siku zile zilikuwa tamu, na hicho ndicho kinachoniuma. Mama alikaa kwenye gunia akijipepea, mimi napima. "Sasa?" "Limepotea, Mama." "Acha." Swichi haikuguswa. Siku ya kumi na nane tuliacha kugeuza, tukaongeza maji kwenye sinia. Nilimulika yai moja kwa tochi, tukaona kivuli kimejaa ganda zima na kitu kinadunda. Mama akasema, "Muone, anasukuma mlango." Midomo yake ilikuwa myeupe kama chaki. Niliona. Nikamulika yai lingine.

Siku ya kumi na tisa, saa tano asubuhi, nikiwa nimefungua mlango wa mashine kuongeza maji, Mama alisimama kutoka kwenye gunia. Akaketi tena. Akasema, "Ngoja," kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto. Akasimama mara ya pili, akaangukia trei tupu.

Mke wangu alikuja mbio na kitana bado kichwani mwa mteja wake, yaani mteja naye alikuja. Akamgeuza mama yake. Akaona gauni nyuma.

"Tangu lini?"

Mama alifumba macho.

Akanigeukia mimi. "Ulijua?"

Nikaiokota trei iliyopondeka. Mke wangu hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Alisema tu, "Shika miguu."

Tulitoka naye mlangoni, tukamwingiza kwenye teksi ya kwanza iliyosimama.

Muuguzi alinijua. Safari hii pazia halikucheka. Alimchoma Mama dripu, akamfunua kope, kope lile lile, akaangalia ndani yake na kutikisa kichwa.

"Damu imebaki kidogo sana. Nilikuambiaje wewe?"

"Asisubiri."

"Basi unasikia vizuri. Nilidhani una tatizo la masikio."

Akamwambia Mama kuwa ataongezewa damu na daktari atampima kizazi. Atalala pale siku tatu, huenda zaidi.

"Siku tatu?" Mama akajaribu kuinuka, kiwiliwili kikakataa. "Keshokutwa yanatotoka! Nimeapa, sista, awamu hii ikifa mashine inaondoka. Niondoleeni huu mpira."

"Mama, kuku hulalia mayai, na wewe leo utalalia kitanda changu. Ukinyanyuka hapa hutafika mlangoni, na kifaranga hana haja na mlezi aliyekufa."

Mama alimtazama muuguzi, akamtazama binti yake aliyemshika mkono. Mwisho akanitazama mimi. Usoni, sio sikioni, na mimi sikuwa na mahali pa kupeleka macho.

"Nenda wewe," akasema.

"Mama, binti yako..."

"Yeye anajua nywele. Nenda. Na usikilize: yakitotoka ni kope langu, yakifa ni kope langu. Bwana Jogoo sitamwambia tofauti, wala wewe usimwambie. Ila mimi uniambie ukweli, hata ukiwa mbaya. Unajua sasa gharama ya kunyamaza."

"Ndiyo, Mama."

Mke wangu hakuniangalia. Alisema tu, akiwa amenipa mgongo, "Mlango wa mashine ulifunga?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeshika miguu.

Sikungoja teksi. Nilikimbia jua la saa sita na nusu, nikakata sokoni, nikaruka mfereji, viatu vikajaa maji, nikafika uani pumzi inatoka kama pampu ya baiskeli.

Gari la kubebea mizigo lilikuwa limeegeshwa langoni. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Na ndani, kwenye gunia la Mama, alikuwa amekaa Bwana Jogoo, yai liko sikioni mwake.

"Funga mlango, baridi inaingia," akasema. "Nimekuja kuangalia mali yangu, nimekuta nyumba tupu na kabati limeachama. Sijui limeachama tangu saa ngapi. Nimelifunga, nimepandisha joto."

"Umepandisha kiasi gani?"

"Kiasi."

"Kipimajoto kinasema ngapi?"

Akaonyesha kwa kidole cha mguu. Kilikuwa sakafuni, vipande viwili, wino mwekundu umechuruzika hadi mlangoni.

"Kilikuwa na plasta, nikataka kuibandua nisome. Kikaniponyoka." Kwa mara ya kwanza sikuona mate kidevuni mwake. Alikuwa anaogopa kama mimi. "Kwenye trei za juu yanakwaruza. Sikiliza."

Akaniwekea yai sikioni. Kweli. Ndani kulikuwa na kwaruza ndogo, mtu anatafuta mlango.

"Za chini kimya," akasema. "Yote. Wewe ndiye uliyefundishwa na Mama Kope, nimesikia. Tunashusha, tunaacha, au tunaongeza? Sema haraka."

Nikachukua yai kutoka trei ya chini. Nikafumba jicho la kushoto, nikalibana kwenye kope, nikangoja lipotee.

Halikupotea. Lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Mkono ukaenda kwenye swichi kupandisha. Hapo jasho likanidondoka puani, likaangukia kiganja changu, nikajigusa shavu. Uso wangu, kwa zile mbio na lile jua, ulikuwa unawaka moto, na kope ni sehemu ya uso.